Mgawo wa Stela

Watu wa Ulyankulu wakiwa na harusi, walimtafuta padre kwanza, kisha wakamtafuta Teofili. Wakiwa na msiba, wengine walianza na Teofili. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekwisha kustaafu, mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini isiyohitaji kipaza sauti mpaka watu wazidi mia mbili. Hakuwa na cheo kanisani wala serikalini. Jina lake lilitokana na kusema. Jubilei ya watawa, mahafali ya darasa la saba, kipaimara, kumuaga mwalimu mkuu anayehama, kuondoa matanga: popote palipohitajika mtu wa kusimama na kusema neno likaingia, aliitwa yeye.

Wala hakusema kwa kubahatisha. Siku tatu kabla ya shughuli alichukua daftari lake, akapanda baiskeli, akaenda kuuliza. Kama ni harusi, alimuuliza shangazi wa binti, akamuuliza jirani, akamuuliza hata aliyemfundisha binti kushona. Kama ni msiba, alikaa na wale waliomuuguza marehemu. Walimu vijana waliotaka kujifunza kwake aliwaambia, "Usisome wasifu kama unaita majina ya darasa. Mtu hakuzaliwa, akasoma, akaoa, akafa, basi. Tafuta jambo moja alilolifanya ambalo watu wakilisikia watasema, naam, huyo ndiye. Liseme, kisha kaa chini kabla hawajachoka." Aliwafundisha pia kumtazama mtu aliyekaa mstari wa mwisho, na kwamba msibani mtu hachekeshi mpaka wafiwa wenyewe wawe wamekwisha kucheka.

Mtu huyu alikuwa na dada mmoja, Rustika, na Rustika ndiye aliyemlea. Mwaka 1972 walipokimbia Burundi, Teofili alikuwa na miaka mitano, Rustika kumi na mitatu. Baba yao alichukuliwa na watu waliokuja na lori, hakurudi. Mama yao alirudi nyuma kumtafuta, naye hakuonekana tena. Watoto walivuka mpaka pamoja na majirani, wakapandishwa treni Kigoma, wakapita mle mle walimopita wapagazi wa misafara ya zamani, wakashushwa Tabora. Kutoka hapo malori yaliwaingiza katika msitu wa miombo ambao ndio uliokuja kuwa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Rustika alilima vibarua ili mdogo wake asome. Alikataa wachumba wawili kwa sababu walitaka aende bila huyo mtoto. Alipoolewa alikwisha kupita umri, na mumewe hakukaa sana duniani. Alimwachia mtoto mmoja wa kiume, Prosperi, pamoja na shamba la tumbaku na bani la kukaushia, kule kijiji cha Barabara ya Kumi na Tatu.

Prosperi alikua, akawa fundi umeme mjini Tabora, akapata mchumba wa Itetemia, hapo hapo Tabora, aitwaye Jenifa. Harusi ilifanyika mwaka 2016, baada ya mavuno, katika ukumbi wa mjini. Teofili alipangiwa kusema kwa niaba ya upande wa bwana harusi, na kwa shughuli hii hakuchukua daftari. Amuulize nani, na habari zote za nyumba ile anazo yeye?

Alipoingia ukumbini aliona mara moja ugumu wa kazi yake. Watu wa Itetemia walikaa upande mmoja, wamelegea, wanapiga picha kwa simu. Watu wa Ulyankulu waliokuja na basi la kukodi walikaa upande wa pili, wima, mikono magotini, kama wanaongoja kuitwa ofisini. Rustika alikuwa meza ya mbele, amevaa kitenge kipya na kilemba, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, mikono yake imekomazwa na utomvu wa tumbaku. Teofili alijiambia, hawa nisipowachekesha pamoja watakula mbalimbali na kuondoka mbalimbali.

Alianza vizuri. Alisema, "Ndugu zetu wa Tabora, sisi tulikuja kwenu kwa njia ile ile ya wapagazi. Tofauti ni kwamba wao walibeba pembe za ndovu, sisi tulibeba njaa." Pande zote mbili zilicheka. Alipoona wamefunguka, akaendelea.

"Mnamwona dada yangu huyu, ametulia kama sanamu ya kanisani. Msidanganyike. Tulipofika Ulyankulu, unga uligawiwa kwa kichwa. Sisi tulikuwa wawili. Dada akaona wawili ni wachache. Akakunjakunja nguo, akazifunga mgongoni kwa kanga, akafunika vizuri upande wa kichwa, akasimama foleni. Mgawaji akauliza, mko wangapi? Akajibu, watatu. Huyo mgongoni anaitwa nani? Akajibu bila kupepesa macho, Stela. Hilo ni jina la mdogo wetu aliyebaki Burundi na mama. Na kumbembeleza akambembeleza, anajitikisa hivi, anamwimbia, hora, hora, yaani nyamaza, nyamaza. Mgawaji akamwonea huruma, akajaza kibaba mpaka kikamwagika. Bibi harusi, mwanangu Jenifa, ujue umeolewa katika nyumba ambayo hata bunda la nguo linapata mgawo."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Wazee wa Itetemia walipigapiga meza. Wanawake wa Ulyankulu, waliokuwa wima, waliinamiana wakafuta machozi kwa ncha za vitenge. Prosperi mwenyewe alicheka mpaka akamshika mkewe bega. Mshereheshaji, kijana wa mjini asiyejua kuacha jambo lililokwisha kuwaka, alilidaka. Wakati wa kulishana keki alitangaza kwenye kipaza sauti, "Na kipande cha Stela kiwekwe pembeni, Stela asije akalia." Watu wakacheka upya.

Teofili alipogeuka kumtazama dada yake, kiti kilikuwa kitupu. Akadhani amekwenda msalani. Hakuonekana wakati wa zawadi, wala wakati wa kucheza. Alionekana kwenye basi, amekaa karibu na dirisha, na Teofili alipomuuliza akasema moshi wa majiko ya wapishi ulimwingia machoni.

Tangu siku hiyo Rustika alibadilika kwake. Hakumkosea adabu. Teofili akimtembelea alikaribishwa kiti, akaletewa maji, akaletewa ugali na maharage, kisha mwenye nyumba akachukua jembe akaenda zake shambani. Mkewe Teofili, Advera, alilisema mapema. "Dada yako ana jambo na wewe. Muulize."

"Hana jambo," Teofili alijibu. "Amepata wakwe wa mjini."

Miaka miwili baadaye mtoto wa kwanza wa Prosperi alibatizwa. Watu walikwisha kula, na Teofili akainuka, akarekebisha koti, kama kawaida yake. Rustika akasema mbele ya wageni, kwa upole, "Padre amekwisha kusema, Teo. Yatosha." Teofili akakaa. Hakuna aliyewahi kumkalisha chini, na aliyemkalisha alikuwa dada yake. Naye alikuwa na kiburi chake. Akapunguza kwenda, miezi ikawa mwaka, na ndugu wawili waliovuka mpaka wameshikana mikono wakawa wanaonana kanisani, wanapeana amani wakati wa misa, kila mmoja anapanda baiskeli yake.

Ikafika mwaka 2023, mwezi wa Mei, wakati wa kupanga madaraja ya tumbaku. Asubuhi moja Rustika alikuwa amekaa banini anachambua majani, akaanguka upande. Presha. Walipomfikisha hospitali mjini, mkono wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi hautoi neno.

Teofili alifika siku hiyo hiyo. Alimkuta amelala kitanda cha karibu na mlango, mdomo umepinda, macho yako wazi na yanajua. Akavuta kiti, akamshika mkono ulio hai. Yeye ambaye wafiwa walimwita awape maneno, hakuweza kukaa na dada yake dakika mbili bila maneno. Akaanza kusema. Alimwambia mvua zimekata mapema. Alimwambia nani ameoza binti, nani amehamia Urambo. Alimkumbusha harusi ya Prosperi, jinsi ilivyofana, jinsi watu wa Itetemia mpaka leo wakikutana naye sokoni wanauliza habari za Stela. Aliposema hivyo, Rustika alimtazama kwa muda mrefu. Mkono wake ulikaza ndani ya mkono wa Teofili, midomo ikahangaika, ikatoka sauti isiyokuwa neno.

"Usijichoshe, dada," Teofili akamwambia. "Utanieleza ukipona."

Rustika akafumba macho. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akafa.

Msiba uliwekwa nyumbani kwake. Turubai lilifungwa kuanzia ukuta wa nyumba hadi kwenye bani, wanaume wakakaa kwenye mabenchi ya kigango, wanawake wakatandika mikeka upande wa jikoni. Prosperi alikuja na Jenifa na watoto wawili. Alipomaliza kusalimia, alimwendea mjomba wake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, baba. Pole sana."

"Wasifu ni wako. Sijui nani mwingine angeweza. Ila naomba uandike kamili, maana mimi hata mahali alipozaliwa mama sipajui kwa jina. Alikuwa hasemi."

Teofili alikaa pembeni na daftari. Akaandika mwaka wa kuzaliwa, jina la kilima cha kwao Burundi, majina ya baba na mama, ndoa, mtoto, wajukuu. Kisha kalamu ikagoma. Sheria yake mwenyewe ilimsuta: tafuta jambo moja. Aligundua kwamba jambo pekee alilokuwa nalo mkononi kuhusu dada yake ni lile la foleni ya unga, na msibani halisemeki. Mengine yote aliyoyajua ni yale Rustika aliyomtendea yeye. Ikabidi afanye kwa dada yake alichowafanyia watu baki miaka thelathini. Akainuka akaenda kuuliza.

Kwenye mikeka alikuwepo Bibi Flavia, ajuza wa miaka themanini na kitu, aliyevuka nao mpaka akiwa mama kijana. Alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Teofili akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Teo."

"Naandika wasifu. Nataka unipe jambo moja la dada ambalo mimi silijui."

Yule bibi alimtazama, kisha akatazama daftari. "Leo ndiyo unauliza," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Weka hicho kitabu chini."

Teofili akakiweka juu ya mkeka.

"Stela hakubaki Burundi," Bibi Flavia akasema. "Stela mlikuja naye. Rustika alimbeba mgongoni kuanzia kwenu hadi kwenye treni, na kwenye lori, mpaka hapa. Alikuwa na miezi minane. Wewe ulifika hapa una surua, ukalazwa kwenye hema la wagonjwa wiki nyingi, huoni, hujui usiku wala mchana. Ukiwa huko ndipo mtoto alipokufa. Homa na kuhara. Tulimzika sisi wanawake, karibu na mto, padre hakuwepo bado. Ulipotoka ukamuuliza dada yako, Stela yuko wapi? Akakwambia amerudi kwa mama. Ulikuwa umebaki mifupa, angekwambia nini?"

Teofili akaacha kuchuchumaa, akakaa chini kabisa, na Bibi Flavia akaendelea.

"Nguo zile ulizowachekeshea watu zilikuwa nguo za mtoto. Alizikunja akazifunga kwenye kanga ile ile."

"Nilidhani ni kwa ajili ya unga."

"Unga gani? Unga ule alinipa mimi. Nilikuwa nanyonyesha, na Stela pia nilimnyonyesha siku zake za mwisho, maziwa yangu yakakauka. Kila mgawo alikuja na kibaba cha Stela akanimiminia, akasema, Mama Flavia, hiki ni chake. Mara moja moja ulilia njaa, akakutolea kidogo humo, kisha akaniomba radhi."

"Sasa kwa nini alidanganya, Bibi?"

"Kwa sababu ya kitabu. Mpakani mliandikwa watatu. Alisema, wakimfuta Stela, mama akija kututafuta ataambiwa walifika wawili, atajua nimempoteza mmoja. Alitaka mama akute watatu, kisha amweleze mwenyewe kwa mdomo wake. Miezi minne alisimama foleni na zile nguo. Mgawaji mmoja alipofunua kanga, akamgombeza mbele ya watu, akapiga mstari juu ya jina. Siku hiyo Rustika alilia kuliko siku tuliyozika."

Teofili alisikia sauti yake ikiuliza, kama ya mtu mwingine, "Mbona hakuniambia? Hata baada ya harusi?"

"Nilimwambia akwambie. Nilimwambia mara nyingi, hasa baada ya ile harusi. Akasema, Teo nikimwambia hataweza kusimama tena mbele ya watu, na ndicho kitu anachokipenda. Akasema atangoja wewe uulize. Watu wote ulikuwa unawauliza." Bibi Flavia alirudisha kichwa ukutani. "Sikulaumu kwa ulivyokuwa mtoto. Ila ulipokuwa mtu mzima..."

Hakumaliza sentensi, na Teofili hakumwomba aimalize. Akaokota daftari, akaenda nyuma ya bani, akakaa juu ya gogo mpaka walipomtafuta. Pale alipokaa liliendelea kumrudia jambo la hospitalini: mkono ulivyokaza, midomo ilivyohangaika, na yeye alivyomnyamazisha dada yake kwa huruma.

Kesho yake saa tano jeneza lilitolewa uani ili wasifu usomwe kabla ya kwenda kanisani. Watu walikuwa wengi, wengine wametoka Urambo, wakwe wametoka Itetemia. Wengi walikaa tayari, maana kilio cha msiba kikisemewa na Teofili humtoka mtu kwa namna ya kumponya. Na sasa ilikuwa msiba wake mwenyewe.

Alisimama. Hakumtazama mtu wa mstari wa mwisho. Alisoma kutoka kwenye daftari, kichwa chini, vile alivyowakataza wengine.

"Rustika alizaliwa mwaka 1959, mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu. Wa pili ni mimi. Wa tatu ni Stela, aliyefariki hapa Ulyankulu mwaka 1972, akiwa na miezi minane, akazikwa karibu na mto."

Minong'ono ikapita. Watu waliomfahamu miaka yote walikuwa wamezoea kusikia wawili.

Teofili akafunga daftari. "Wako hapa watu waliokuwa kwenye harusi ya Prosperi," akasema. "Niliwasimulia dada yangu alivyobeba nguo mgongoni akadai ni mtoto. Mlicheka kwa sababu niliwataka mcheke. Kisa kile nilikisema vibaya. Zilikuwa nguo za Stela, na Stela alikuwa amekwisha kufa. Dada yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Hakutaka jina lifutwe. Mimi nililitaja mbele ya watu mia tatu, tukalicheka, naye akiwa amekaa pale anatusikia. Hajawahi kunilaumu. Nilikuwa na miaka saba ya kumuuliza una nini, sikuuliza."

Alitaka kuendelea. Kulikuwa na sentensi nyingine aliyokuwa ameiandaa, ya kuomba msamaha na ya kuwashukuru majirani. Haikutoka. Alisimama na mkono mmoja juu ya jeneza mpaka watoto wadogo wakaanza kuwatazama mama zao. Prosperi akaja, akachukua daftari mkononi mwake bila kumtazama usoni, akasoma yaliyobaki: ndoa, mjane tangu lini, wajukuu wangapi, alikuwa mwanachama wa Wanawake Wakatoliki, alikuwa mkulima. Alisoma vibaya, akaruka mstari, akarudia. Hakuna aliyelia kwa sauti. Walibeba jeneza wakaenda.

Baada ya mazishi watu waligawanyika. Wengine walisema mwalimu ameharibu wasifu, mambo ya ndani hayaletwi uani mbele ya wakwe. Wengine walisema afadhali alivyosema. Mzee mmoja wa Itetemia, aliyekuwa amepigapiga meza siku ya harusi, alimpa Teofili mkono akauacha humo muda mrefu, kisha akaondoka. Advera alimpokea mumewe nyumbani, akamwekea maji ya kuoga, hakumwambia, "Nilikuambia."

Prosperi hakumpigia simu mjomba wake wiki tano. Mwezi wa Juni alikuja mwenyewe, amepanda pikipiki kutoka mjini, vumbi limemjaa nyusi. Alikaa kwenye benchi la nje, akakataa chai.

"Mjomba, nilikasirika na wewe," akasema. "Kisha nikaona sina haki. Siku ile nilicheka kuliko wote. Na mama alipotoka nje, nilimfuata. Nilimkuta amesimama nyuma ya ukumbi, amejifunika kitenge usoni. Akaniambia ni moshi. Na mimi niliona kabisa kwamba majiko yalikuwa upande wa pili. Nikarudi ndani kucheza."

Teofili akasogea karibu naye kwenye benchi. Akamwekea mkono begani, na walikaa hivyo.

"Nataka kuona alipozikwa huyo mtoto," Prosperi akasema baadaye. "Niweke hata msalaba."

Walimchukua Bibi Flavia kwa pikipiki, wakaenda taratibu, Teofili akifuata kwa baiskeli. Mto ulikuwa umekauka, umebaki mchanga na vidimbwi. Miombo ya zamani haikuwepo. Pale palipokuwa msitu palikuwa shamba la tumbaku, mabua yameng'olewa, udongo umegeuzwa. Mwenye shamba, mtu wa makamo aitwaye Kulwa, alikuja kuwasalimu, na alipoelezwa alivua kofia. Alisema amelima hapo miaka kumi na minne, na baba yake kabla yake, na jembe halijawahi kugusa kitu. Aliwaruhusu watembee watakapo.

Bibi Flavia alitembea akishikilia mkono wa Prosperi. Alisimama hapa, akatazama mto, akatikisa kichwa. Akaenda kule, akasimama. "Palikuwa na mninga mkubwa," akasema. "Tulimweka upande wa jua linakochomoza." Hapakuwa na mninga. Hapakuwa hata na kisiki. Walizunguka mpaka jua likawa kali, na yule bibi akaanza kutetemeka miguu.

"Sijui, wanangu," akasema. "Inaweza kuwa hapa, inaweza kuwa pale. Nimesahau."

Prosperi alikuwa na msalaba mdogo wa mbao, jina limechongwa. Aliugeuzageuza mkononi, hajui auchomeke wapi. Mwishowe aliuweka kwenye kaburi la mama yake, chini ya msalaba mkubwa, na padre aliposoma majina ya marehemu katika misa ya Jumapili iliyofuata, aliyasoma yote mawili.

Lakini hiyo ilikuwa Jumapili. Siku ile ya shambani walimrudisha Bibi Flavia kwake, wakamkalisha kwenye mkeka, mjukuu wake akamletea uji. Prosperi alipaswa kuwahi kazini mjini, akaaga. Teofili alibaki. Barua tatu za kumwomba akaseme zilikuwa zimemfikia nyumbani tangu msiba, mbili za harusi na moja ya jubilei ya mtawa, na zote alikuwa amezirudisha kwa shukrani. Hakujua kama atasimama tena. Hakulifikiria sana jambo hilo.

"Bibi," akasema, "alikuwa mtoto wa namna gani?"

"Nani, Stela?"

"Ndiyo."

Bibi Flavia aliweka kikombe chini, akafikiri. "Alikuwa na nywele nyingi kupita umri wake," akasema. "Alikuwa hapendi kulazwa chali. Ukimlaza chali analia, ukimgeuza ubavu ananyamaza hapo hapo. Na wewe alikuwa anakujua. Ukipita mbele yake anakufuata kwa macho. Kwenye treni ulimpa mfupa wa kuku anyonye, Rustika akakupiga kibao."

Teofili alijaribu kukumbuka treni, mfupa, kibao. Hakukumbuka kitu. Akasogea karibu zaidi, maana sauti ya bibi ilikuwa ndogo, na akamwomba aendelee.